Kutoka Nyanda za Buha hadi Unguja

Kabla ya reli itokayo Dar es Salaam kuwasili Kigoma mwaka 1914, njia kuu ya kuiendea Unguja kwa mtu wa nyanda za Buha, iliko Kasulu na Kibondo, ilikuwa ile ya misafara, iliyotoka Ujiji ikapitia Tabora hadi Bagamoyo, wapagazi wakichukua pembe za ndovu kwa miezi kadhaa. Baadaye Waha, wenyeji wa Buha, wengi wao walishuka pwani kwa garimoshi, si kwa matembezi, bali kukata mkonge kwa ujira. Basi mzawa wa Kasulu auzuruye leo Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na aitazame fahari yake kwa furaha, akijua kwamba sehemu ya utajiri uliojenga majumba yale ilibebwa na mabega ya watu wa bara.