Boksi la besi

Boksi la besi ni kasha lenye spika moja au zaidi linalotumika kutoa sauti ya gitaa la besi. Hupokea umeme kutoka kwa amplifaya na kuugeuza kuwa mawimbi ya sauti hewani. Boksi lililojengwa pamoja na amplifaya yake huitwa kombo. Boksi la peke yake huunganishwa na amplifaya kwa waya.

Sauti ya boksi hutokana na mambo matatu yanayotegemeana: spika zenyewe, ujazo wa kasha, na namna hewa ya ndani inavyofungiwa au kuachiwa njia ya kutoka. Kwa sababu hiyo spika nzuri ikiwekwa katika kasha lisiloifaa hutoa besi hafifu au huharibika mapema, hata kama wati zilizoandikwa nyuma yake ni nyingi. Boksi la besi pia ni tofauti na spika za kusikilizia muziki uliorekodiwa. Spika hizo hutakiwa kutoa sauti zote kwa usawa, lakini boksi la besi ni sehemu ya ala, na huchaguliwa pia kwa ladha ya sauti yake.

Sauti ya gitaa la besi

Nyuzi za gitaa la besi la nyuzi nne hukazwa kutoa noti E, A, D na G. Uzi mnene kuliko yote, E, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, yaani una marudio ya 41 Hz. Uzi wa A una 55 Hz, wa D 73 Hz na wa G 98 Hz. Gitaa la nyuzi tano kwa kawaida huongezewa uzi wa B wenye 31 Hz.

Uzi unapopigwa hautoi sauti ya msingi peke yake. Hutoa pia harmoniki, ambazo ni sauti zenye marudio mara mbili, mara tatu, mara nne ya msingi na kuendelea. Kwa uzi wa E, harmoniki hizo ziko karibu na 82, 124 na 165 Hz. Mara nyingi harmoniki ya kwanza kati ya hizo huwa na nguvu kuliko msingi wenyewe. Ubongo wa binadamu huitambua noti kutokana na mpangilio wa harmoniki zake, hata msingi ukiwa hausikiki vizuri. Ndiyo sababu besi inaweza kufuatwa katika redio ndogo isiyoweza kabisa kutoa 41 Hz.

Kwa makadirio, eneo la 80 hadi 250 Hz huipa besi uzito. Eneo la 250 hadi 1000 Hz huifanya noti isikike waziwazi kati ya ngoma na magitaa mengine, na eneo la 2000 hadi 4000 Hz hubeba mguso wa kidole au plektra kwenye uzi. Boksi lenye besi ya chini sana lakini lenye upungufu katikati huweza kusikika zuri mpiga besi akiwa peke yake, kisha noti zake zikapotea bendi nzima inapoanza kupiga.

Historia

Mwaka 1951 Leo Fender wa California, Marekani, alianza kuuza gitaa la besi la umeme liitwalo Precision Bass. Mwaka 1952 kampuni yake ilitoa kombo ya Bassman, iliyokuwa na spika moja ya inchi 15. Katikati ya miaka ya 1950 Bassman ilibadilishwa na kupewa spika nne za inchi 10. Toleo hilo lilikuja kupendwa zaidi na wapigaji wa gitaa la kawaida.

Kampuni ya Ampeg, iliyoanzishwa na mpiga besi Everett Hull, ilitoa mwaka 1960 kombo ya Portaflex B-15 iliyobuniwa na Jess Oliver. Amplifaya yake iliweza kupinduliwa na kuhifadhiwa ndani ya boksi wakati wa kusafirishwa. Mwaka 1969 Ampeg ilileta amplifaya ya SVT yenye wati 300, iliyotumiwa na maboksi ya spika nane za inchi 10. Boksi hilo lilifungwa kabisa na kugawanywa ndani kuwa vyumba vinne vya spika mbilimbili. Sauti yake huanza kupungua kabla ya kufika 41 Hz, lakini eneo kubwa la koni zake na nguvu yake ya katikati vililifanya kuwa kipimo cha sauti ya besi katika muziki wa rock.

Wabunifu wa wakati huo walitegemea zaidi majaribio. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia Neville Thiele alichapisha hesabu za kutabiri tabia ya spika ndani ya boksi lenye tundu, na katika miaka ya 1970 Richard Small alizipanua. Tangu miaka ya 1980 watengenezaji wengi waliongeza spika ndogo za sauti kali, yaani twita, na kampuni ya Hartke ilijulikana kwa koni za alumini. Baadaye sumaku za neodimi zilipunguza sana uzito wa maboksi.

Ukubwa wa spika

Wapigaji wengi huamini kwamba spika ya inchi 15 hutoa sauti nzito na ya inchi 10 hutoa sauti kali. Inchi peke yake haithibitishi jambo hilo. Kinachosukuma hewa ni eneo la koni likizidishwa kwa umbali ambao koni inaweza kusogea. Maeneo ya kawaida ya koni ni takriban haya:

- spika ya inchi 10: sentimita za mraba 350
- spika ya inchi 12: sentimita za mraba 530
- spika ya inchi 15: sentimita za mraba 850

Hivyo spika mbili za inchi 12 zina eneo kubwa kuliko moja ya inchi 15, na nne za inchi 10 zina sentimita za mraba 1400. Mahitaji ya mwendo huongezeka haraka kadiri noti inavyoshuka. Ili ukubwa wa sauti ubaki uleule, marudio yakipungua kwa nusu koni hulazimika kusogea umbali mara nne.

Ukubwa wa spika hubadilisha zaidi mtawanyiko wa sauti. Wimbi la 1000 Hz lina urefu wa takriban sentimita 34, karibu sawa na upana wa koni ya inchi 15. Kuanzia hapo kwenda juu, spika hiyo huelekeza sauti mbele kama mwanga wa tochi, na aliye pembeni husikia besi isiyo wazi. Spika ndogo hutawanya sauti hizo vizuri zaidi. Spika mbili hupangwa vizuri zaidi moja juu ya nyingine, kwa kuwa zikikaa ubavu kwa ubavu hupunguza mtawanyiko kuelekea kushoto na kulia.

Vipimo vya Thiele na Small

Watengenezaji wa spika kama Eminence wa Marekani, Celestion wa Uingereza na B&C wa Italia huchapisha vipimo vya kila spika. Vilivyo muhimu zaidi kwa mjenzi wa boksi ni hivi:

- Fs: marudio ya asili ya spika ikiwa nje ya boksi. Chini ya hapo uwezo wake hupungua haraka.
- Qts: jinsi sumaku na vishikizo vya koni vinavyodhibiti mtetemo. Spika yenye Qts ndogo, kwa mfano 0.3 hadi 0.4, kwa kawaida hufaa boksi lenye tundu. Yenye Qts kubwa zaidi hufaa boksi lililofungwa.
- Vas: ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na vishikizo vya koni. Vas kubwa huashiria haja ya boksi kubwa.
- Xmax: umbali ambao koni inaweza kusogea upande mmoja bila sauti kuharibika.
- Sd: eneo la koni.

Spika mbili zenye inchi na wati sawa zinaweza kutofautiana sana katika vipimo hivi, kwa hiyo zikahitaji maboksi tofauti kabisa.

Aina za boksi

Boksi lililofungwa halina njia ya hewa. Hewa ya ndani hufanya kazi kama springi na kuzuia koni isisogee kupita kiasi. Besi yake hupungua taratibu, kwa desibeli 12 kila oktava, na ni rahisi kulijenga.

Boksi lenye tundu lina bomba au mwanya uliopimwa. Karibu na marudio ya tundu, hewa ya ndani ya bomba hutoa sehemu kubwa ya sauti na koni husogea kidogo sana. Hivyo boksi hutoa besi zaidi kwa nguvu ileile. Hata hivyo, chini ya marudio hayo sauti hushuka kwa desibeli 24 kila oktava, na koni huachwa bila kizuizi cha hewa. Noti ya chini sana ikipigwa kwa nguvu inaweza kuivunja spika bila koili yake kuungua.

Urefu wa bomba hutegemea ujazo wa boksi. Kwa mfano, boksi la lita 80 linalolengwa 45 Hz huhitaji bomba moja la kipenyo cha sentimita 10 lenye urefu wa takriban sentimita 7. Yakitumika mabomba mawili ya aina hiyo, kila moja huhitaji takriban sentimita 22. Mabomba mawili hupunguza mlio wa hewa inayopita kwa kasi. Ujazo unaochukuliwa na spika, mabomba na mihimili ya ndani huondolewa kabla ya hesabu.

Mipaka hii hufupishwa katika kanuni iitwayo jina la J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Marekani ya KLH. Boksi dogo, besi ya chini na ufanisi mkubwa haviwezi kupatikana vyote vitatu kwa pamoja. Anayetaka viwili hulipa kwa kupoteza cha tatu.

Wati, desibeli na omu

Wati zinazoandikwa kwenye spika huonyesha zaidi joto ambalo koili inaweza kuvumilia. Spika ya wati 400 inaweza kufikia mwisho wa mwendo wa koni kwa wati chache zaidi inapopigiwa noti za chini. Ufanisi hupimwa kwa desibeli zinazosikika mita 1 kutoka kwenye spika inayopewa wati 1. Kwa kuwa kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, spika ya desibeli 97 ikipewa wati 100 hutoa sauti sawa na ya desibeli 94 ikipewa wati 200.

Ukinzani wa umeme hupimwa kwa omu. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba huwa omu 4, na matatu huwa takriban omu 2.7. Amplifaya ya transista yenye kikomo cha omu 4 haipaswi kupewa maboksi hayo matatu, kwani inaweza kuzimika au kuungua.

Kurekebisha ladha ya sauti

Koni nyingi za karatasi hutoa mwinuko wa sauti kati ya 2000 na 4000 Hz, kisha hushuka. Mwinuko huo hutoa ukali unaopendwa katika rock. Twita huongeza sauti za juu zaidi, zinazofaa mtindo wa kupiga uzi kwa dole gumba, lakini pia hufichua mikwaruzo ya vidole na kelele za amplifaya. Maboksi mengi yenye twita huwa na kitufe cha kuipunguza. Krosova hugawa sauti ili besi isifike kwenye twita na kuiunguza.

Kasha hujengwa mara nyingi kwa plaiwudi ya milimita 15 hadi 18 na kukazwa kwa mihimili ya ndani, ili kuta zisiteteme na kula nguvu ya noti fulani. Sponji au pamba ndani hupunguza sauti za katikati zinazorudi kupitia koni. Kichujio kinachokata marudio yaliyo chini ya tundu hulinda koni bila kubadilisha sana kinachosikika.

Mahali pa kuweka boksi pia hubadilisha sauti. Sakafu na kona huongeza besi. Koni zikiwa mita 1 mbele ya ukuta, sauti inayorudi kutoka nyuma hupunguza marudio ya takriban 86 Hz. Kulisogeza karibu na ukuta hupandisha upungufu huo hadi marudio ambayo boksi halielekezi sana nyuma.

Uchaguzi

Katika Afrika ya Mashariki gitaa la besi hutumika katika muziki wa dansi, taarab ya kisasa na kwaya. Kwa mazoezi na ukumbi mdogo, boksi moja la spika ya inchi 12 yenye mwendo mrefu huweza kutosha. Kwa bendi yenye ngoma na magitaa kadhaa, eneo kubwa zaidi la koni huhitajika, kama spika mbili za inchi 12 au nne za inchi 10. Kuongeza boksi la pili la aina ileile mara nyingi huleta faida kubwa kuliko kununua amplifaya yenye wati mara mbili. Panapokuwa na spika kubwa za ukumbi, boksi huwasaidia wapigaji kusikilizana jukwaani, na udhahiri wa noti huwa muhimu kuliko kina cha besi.

Spika iliyoungua ikibadilishwa, mpya hulinganishwa na ya zamani kwa omu, Fs, Qts, Vas na Xmax, si kwa inchi na wati pekee. Vipimo vikitofautiana sana, urefu wa bomba au ujazo wa boksi hupaswa kukokotolewa upya.

Tazama pia

- Amplifaya
- Gitaa
- Gitaa la besi
- Sauti
- Spika