Khofu Iliyosimama juu ya Mgonjwa Mmoja

Mwezi wa Agosti wa mwaka 2025 ulitimiza miaka 90 tangu wanakemia wawili, Adolf Butenandt aliyekuwa Danzig na Leopold Ruzicka wa Zurich, kila mmoja akigharimiwa na kiwanda chake cha dawa na kila mmoja akichelea kutanguliwa na mwenziwe, walipopeleka magazetini mwa elimu, kwa tofauti ya wiki moja tu, khabari ya kwamba wameweza kuitengeneza testosteroni, homoni ya kiume ambayo hapo kabla haikupatikana ila kwa kusaga korodani za mafahali. Kumbukumbu hiyo ilipita kimya. Lakini mwaka huo huo, mnamo Februari, mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaelekeza watengenezaji waliondoe katika maelezo ya dawa hiyo onyo la khatari ya moyo, ambalo yenyewe ililiagiza mwaka 2015, na waongeze onyo la kupanda kwa shinikizo la damu. Na kwa hivyo ule mjadala mkongwe, wa nani apewe homoni hii na nani aepushwe nayo, ukafufuka upya.

Katika kuandika haya nimewategemea zaidi watu wawili: Eberhard Nieschlag wa Münster, Ujerumani, ambaye mwaka 2019, pamoja na Susan Nieschlag, alitoa taarikh ya homoni hii tangu mwanzo wake, na Abraham Morgentaler, bingwa wa maradhi ya mkojo wa Boston, ambaye katika kesi hii si msimulizi tu bali ni mshitaki, na msomaji ni haki yake kulijua hilo mapema.

Mwanzo wake ni majogoo sita. Agosti ya mwaka 1848, katika mji wa Göttingen, mwalimu mmoja kwa jina Arnold Berthold aliwahasi makinda wa kiume, akawaacha wawili hivyo hivyo, na wale wanne waliobakia akawapandikizia korodani ndani ya tumbo, wengine ya kwao wenyewe na wengine ya wenzao. Wale wawili wa kwanza wakanenepa, undu zao zikasinyaa, wakawa hawawiki wala hawana habari na mitetea. Wanne waliopandikizwa wakawika alfajiri, wakapigana, wakawafukuza mitetea kama kawaida ya majogoo, ilhali mishipa ya fahamu ya viungo vile ilikwisha kukatwa zamani. Hapana njia iliyosalia, akasema Berthold, ila damu: korodani hutia kitu katika damu, na damu hukipeleka mwili mzima. Aliyaandika hayo mwaka 1849 katika kurasa nne tu, na ulimwengu ukazisahau kwa muda wa nusu karne.

Kilichokuja kukumbukwa badala yake ni kituko cha mwana wa bahari yetu hii ya Hindi. Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, Mauritius, mwana wa nahodha wa Kimarekani, alikuwa mtu wa heshima kubwa katika elimu ya uti wa mgongo, hata jina lake lingali linatajwa na matabibu hadi leo. Walakini mwaka 1889, akiwa shaibu wa miaka 72, alisimama mbele ya wenziwe mjini Paris akawaeleza kwamba amejidunga sindano za maji ya korodani za mbwa na za panya wa Guinea, na kwamba sasa hupanda ngazi mbio, mkono wake umeongezeka nguvu, na hata mkojo wake, aliokuwa ameupima kwa makini ya mwanachuoni, hufika mbali zaidi kwa robo kuliko zamani. Mwaka 2002 wataalamu wa Australia walikiunda tena kiowevu kile kwa maelekezo yake mwenyewe, wakakuta homoni iliyomo ni chembe isiyoweza kumwamsha hata kuku, kwa kuwa testosteroni haikubali kuyeyuka katika maji. Mzee wa watu alipata nguvu kwa kuamini.

Baada yake mlango ukawa wazi. Serge Voronoff, aliyewahi kukaa Misri na kuwaangalia matowashi wa jumba la Khedive, akaanza mwaka 1920 kuwashonea matajiri wa Ufaransa vipande vya korodani za nyani. Na kule Kansas, John Brinkley akawashonea wakulima korodani za mbuzi, akijitangaza kwa redio yake mwenyewe, mpaka mahakama ilipomwumbua mwaka 1939. Wanaume hawa wote walikuwa wakitafuta kitu ambacho kipo kweli, wakauziwa kisichokuwamo, na sidhani kama hali yetu ni tofauti sana: zipite kuta na nguzo za umeme za mji wowote wetu, usome matangazo ya dawa za nguvu za kiume, kisha usimame jioni kando ya muuza supu ya pweza, na uwaangalie watu wazima wanavyotazamana wakicheka vikombe mkononi.

Hatua za wanakemia zinajulikana, nami nitazipitia haraka. Mwaka 1931 Butenandt alikamua miligramu 15 za homoni iliyo jamaa ya testosteroni kutokana na lita 15,000 za mkojo wa askari polisi wa Berlin; mwezi wa Mei 1935 watu wa Ernst Laqueur mjini Amsterdam wakaipata testosteroni yenyewe, miligramu 10 kutoka kilo 100 za korodani za mafahali, wakaipa jina; mwezi wa Agosti ikatengenezwa; na mwaka 1939 Butenandt na Ruzicka wakatunukiwa Nobeli, ambayo serikali ya Hitler ilimzuia Butenandt asiipokee. Dawa ikaingia madukani, na matabibu wakaanza kuwapa wanaume walionyauka kwa kukosa homoni, na wengi wakapata nafuu.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo moyo wa hadithi hii. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na mwanafunzi wake Clarence Hodges, walitoa khabari ya kwamba mtu mwenye saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa hadi mifupani akihasiwa, saratani hurudi nyuma. Na hilo lilikuwa kweli, na hata leo wagonjwa wa namna hiyo huzimiwa homoni, na Huggins alistahiki Nobeli aliyopewa mwaka 1966. Lakini katika makala ile ile alitia neno la pili, kwamba kumdunga mgonjwa testosteroni huiamsha saratani. Na neno hili la pili likakamata mizizi kuliko la kwanza. Kwa muda unaopita nusu karne, kila mwanafunzi wa utabibu alifundishwa kwamba kumpa mwanamume testosteroni ni kuumwagia petroli moto uliojificha, na tabibu aliyethubutu kuiandika alihesabiwa mzembe au mfanya biashara.

Morgentaler naye alilelewa katika itikadi hiyo. Akiwa kijana chuoni Harvard alikuwa amewachunguza mijusi wa Kimarekani, akaona jinsi dume aliyehasiwa anavyoacha kumtongoza jike, na jinsi chembe ya testosteroni ndani ya ubongo inavyomrudishia tabia zake zote. Basi alipokuwa tabibu, katika miaka ya 1980, akaanza kuwatibu wanaume waliopungukiwa, huku khofu ya Huggins ikimkalia shingoni. Kwa khofu hiyo akawa anakata vipande vya tezi dume kabla ya kumpa mtu dawa. Kama itikadi ilikuwa sahihi, watu hawa wenye homoni kidogo wangekuwa ndio waliosalimika kuliko wote. Mwaka 1996 alitangaza matokeo: kati ya wanaume 77 wenye homoni pungufu, ambao vipimo vya kawaida havikuonyesha lolote, 11 walikutwa na saratani. Homoni kidogo haikuwakinga.

Ndipo akateremka katika ghala ya magazeti makuukuu ya maktaba ya tiba ya Harvard, akaitoa makala yenyewe ya mwaka 1941, ambayo kila mtu alikuwa akiinukuu na wachache mno ndio walioisoma, akakaa kitako kuipitia. Huggins alisema amewadunga wagonjwa watatu. Matokeo aliyoyatoa yalikuwa ya wawili. Mmoja katika hao wawili alikuwa amekwisha kuhasiwa kabla ya sindano, na kwa hivyo hawezi kuwa shahidi wa khabari za mwanamume aliyekamilika. Akabakia mtu mmoja, na vipimo vya damu vya mtu huyo mmoja vilikuwa vikipanda na kushuka bila mpango. Juu ya mgonjwa huyo, asiyejulikana hata jina, ndipo ilipojengwa khofu ya wanaume wa dunia nzima. Morgentaler aliyachapisha hayo mwaka 2006, na hoja yake ni kwamba tezi dume hutosheka na homoni chache tu, na ikisha kutosheka, kuiongezea hakuilishi zaidi. Wako mabingwa wasiokubaliana naye katika mengi, na mwenye saratani hiyo bado hapewi dawa hii kiholela. Ila sijaona aliyeweza kumfufua yule mgonjwa wa pili na wa tatu.

Katika miaka hiyo yote ya khofu, palikuwa na kundi moja la wanaume ambao hakuna aliyewauliza: wagonjwa wa kisukari na wenye vitambi. Mwaka 2004 Sandeep Dhindsa, Paresh Dandona na wenzao wa Buffalo, New York, waliwapima wanaume 103 wenye kisukari cha aina ya pili, wakakuta kiasi cha theluthi yao homoni imeshuka. Na cha ajabu, kasoro haikuwa katika korodani bali juu, katika ubongo, ambao haukuwa ukitoa amri za kutosha. Mafuta ya tumboni huigeuza homoni ya kiume kuwa ya kike. Insulini isiyofanya kazi barabara hupunguza protini inayoibeba homoni katika damu. Na homoni ikipungua, misuli hunywea na mafuta huzidi, mafuta yakazidi kuipunguza. Mtu huzunguka humo miaka.

Nenda katika kliniki ya kisukari mjini petu. Mgonjwa hutobolewa kidole, hupimwa presha, hupandishwa mizani, na akiwa na bahati huvuliwa viatu akakaguliwa nyayo. Kuhusu hamu yake iliyokufa, uchovu usiokwisha kwa usingizi, na unyumba uliogeuka kuwa aibu ya kimya baina yake na mkewe, aghalabu haulizwi, naye kwa haya hasemi; akitoka hapo humwendea muuza mizizi. Kipimo chenyewe si cha ajabu: ni damu ya asubuhi, kabla ya kula, irudiwe siku nyingine ili pasiwe na shaka.

Majaribio ya karibuni hayajampa mtu yeyote ushindi mtupu. Huko Australia mwaka 2021 wanaume 1,007 wenye vitambi na sukari iliyoanza kupanda, wote wakifuata mpango wa kupunguza uzito, walidungwa testosteroni au sindano tupu kwa miaka miwili: waliokutwa na kisukari mwishoni walikuwa 12 katika mia kwa waliopewa dawa, na 21 katika mia kwa wasiopewa, ila damu ya mmoja katika kila watano waliodungwa iliongezeka uzito kupita kiasi. Mwaka 2023 jaribio la Marekani la watu zaidi ya 5,000 likaonyesha kwamba mishtuko ya moyo na kiharusi haikuzidi, ingawa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vilizidi kidogo. Na huko, pasipo mpango wa kupunguza uzito, dawa haikuweza kuzuia kisukari. Na kijana ambaye bado anataka watoto hapewi sindano hii, kwani ubongo ukiiona homoni imejaa katika damu huacha kuziamuru korodani, mbegu zikapungua hata zikatoweka; huyo huelekezwa kwanza kupambana na kitambi, maana uzito ukishuka vya kutosha, homoni hupanda yenyewe.