Fahirisi ya Uzito wa Mwili katika Upasuaji wa Kurekebisha Pua

Fahirisi ya uzito wa mwili ni namba inayopatikana kwa kugawanya uzito wa mtu, kwa kilo, kwa mraba wa urefu wake, kwa mita, hivyo mtu mwenye kilo 96 na urefu wa mita 1.60 huwa na fahirisi ya 37.5. Chanzo cha hesabu hiyo ni Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji wa miaka ya 1830, aliyetaka kueleza umbo la mtu wa wastani katika jamii na wala si kumpima mgonjwa mmoja mmoja, na jina lake la kimataifa lilipendekezwa na Ancel Keys na wenzake mwaka 1972. Kwa Kiswahili wako wanaoiita uwiano wa uzito na urefu, jina lenye sifa ya kuonyesha kinachopimwa, lakini linaloweza kuchanganywa na kipimo cha lishe ya watoto wadogo, ambacho hulinganisha uzito na urefu bila mraba wowote. Kwa sababu hiyo neno fahirisi, ambalo wasomaji wamelizoea katika fahirisi ya bei, ndilo linalofaa zaidi hapa.

Upasuaji wenyewe, unaoitwa rinoplasti kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya pua na kufinyanga, ni urekebishaji wa mifupa na gegedu za pua, na kuuita upasuaji wa urembo wa pua ni kuupunguza, maana mara nyingi daktari hunyoosha pia ukuta wa kati ili mgonjwa apumue vizuri. Pua haina mafuta mengi, na unene wa kiuno haubadilishi namna gegedu zinavyochongwa. Ndiyo maana wagonjwa wengi hushangaa wanapopandishwa kwenye mizani kabla ya upasuaji wa kiungo kidogo namna hiyo, na mshangao wao unastahili kujibiwa kwa maelezo kamili badala ya kutajiwa namba tu.

Jibu liko kwenye njia ya hewa. Upasuaji huu hufanywa mara nyingi kwa nusu kaputi, na kati ya dakika ambayo dawa inazima pumzi ya mgonjwa na dakika ambayo mtaalamu wa usingizi anafanikiwa kupitisha mpira wa kupumulia kooni, mwili hutegemea oksijeni iliyobaki mapafuni. Kwa mtu mnene aliyelala chali, tumbo husukuma kiwambo juu, mapafu hubaki na hewa kidogo, na oksijeni katika damu hushuka upesi zaidi. Kwa hiyo mtaalamu humwinua kichwa na mabega na kumpa oksijeni mapema, ili ajiongezee muda.

Hatari haiishii hapo. Unene huandamana mara nyingi na kusita kwa pumzi usingizini, hali ambayo nyama laini za koo hulegea na kuziba njia ya hewa mara kwa mara usiku, na dalili yake inayojulikana zaidi ni kukoroma kwa nguvu kunakokatizwa na ukimya. Mgonjwa wa namna hii anapoamka, pua yake imevimba na pengine imezibwa kwa pamba au vibati vya ndani, dawa kali za maumivu zinaweza kupunguza zaidi msukumo wa kupumua, na barakoa ya mashine anayolala nayo nyumbani huenda isiwekwe juu ya mifupa iliyokatwa muda mfupi uliopita. Dodoso la maswali 8 lililochapishwa na Frances Chung na wenzake wa Toronto mwaka 2008 huuliza, pamoja na kukoroma, uchovu wa mchana, shinikizo la damu na mzingo wa shingo, kama fahirisi imezidi 35.

Kuganda kwa damu miguuni, kisukari kinachochelewesha kupona na presha inayoongeza kutokwa na damu nazo huzingatiwa, ingawa upasuaji wa pua hauko miongoni mwa ule mzito zaidi.

Hakuna kikomo kimoja cha dunia nzima. Vituo vinavyomruhusu mgonjwa kwenda nyumbani siku hiyohiyo hujiwekea mpaka, aghalabu kati ya 35 na 40, ilhali hospitali yenye uwezo wa kumlaza na kumwangalia usiku kucha inaweza kumpokea mtu huyohuyo, jambo linaloonyesha kwamba swali la haki ni wapi na kwa uangalizi gani, kabla ya kuwa swali la kumkatalia. Mwenye fahirisi iliyo chini ya 18.5 naye huchunguzwa, kwa kuwa upungufu wa damu na wa protini hudhoofisha uponaji wa kidonda, na kwa wengine wembamba huo hutokana na maradhi ya kuuchukia mwili wao, ambayo kisu hakiyatibu.

Kwa anayepunguza uzito, ni busara kusubiri mpaka utulie, maana mashavu yakipungua pua huonekana kubwa zaidi bila yenyewe kubadilika. Anayetumia sindano za semaglutide azitaje tangu mahojiano ya kwanza, hata kama alizinunua bila cheti cha daktari, kwa sababu dawa hiyo huchelewesha chakula tumboni, na aliyefunga tangu usiku anaweza bado kutapika akiwa usingizini na matapishi yakaingia mapafuni.