Maswali Kumi na Manane ya Mwezi Mei

Mtahiniwa wa Hisabati ya Juu wa kidato cha sita, Tanzania Bara na Zanzibar, hufanya mapepa mawili. Kwa muundo uliotumika miaka ya 2010 na mwanzoni mwa miaka ya 2020, la kwanza lilikuwa na maswali kumi, yote ya lazima. La pili lilikuwa na manane: manne ya lazima, na katika manne yaliyobaki alichagua mawili. Kila pepa lilikuwa na muda wa saa tatu. Mwezi ni Mei, masika yanaelekea ukingoni, na ndani ya ukumbi husikii kitu isipokuwa karatasi zikigeuzwa.

Nilianza kuyasoma mapepa hayo nikiwa mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na hadi leo sijayaacha. Siku hizi siyasomi tena kwa ajili ya majibu. Nayatazama kama mtu anayetazama ukuta uliobomoka kidogo wa nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, pale chokaa ya juu inapodondoka na kuonyesha chokaa nyingine chini yake, na chini zaidi jiwe la matumbawe. Kila swali lina zama zake, na lililetwa na watu wenye sababu zao.

Jiwe la chini ni Chuo Kikuu cha Cambridge. Desemba 1858 chuo hicho kilitoa mtihani wake wa kwanza kwa wanafunzi wa shule: watahiniwa 370, wavulana pekee, katika miji minane ya Uingereza. Wasimamizi walipanda treni wakibeba mapepa ndani ya masanduku yenye kufuli. Miaka michache baadaye mtihani huo ulikwisha kufika Trinidad, kisha ukaifuata bendera ya Uingereza kila ilikotua. Nikiona leo gari la mitihani likiingia shuleni na askari nyuma yake, nalikumbuka lile sanduku la kwenye treni.

Kwetu hesabu za ngazi hii zilichelewa kufika madarasani. Kwa muda mrefu kijana aliyemaliza sekondari ya Tabora au Pugu na kufaulu vizuri alikwenda chuo cha Makerere, Uganda, na masomo ya kumwandaa kwa shahada aliyakuta hukohuko chuoni. Kidato cha tano na cha sita vilienea mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, vikiwa na mtihani ulioitwa Higher School Certificate (HSC). Uingereza kwenyewe cheti hicho kilikuwa kimeshafutwa mwaka 1951 na nafasi yake kuchukuliwa na A-level, lakini Afrika Mashariki jina la zamani liliendelea kuishi. Maswali yalitungwa Uingereza, na majibu yalifungwa na kurudishwa hukohuko kusahihishwa. Mtoto wa Songea au Bukoba aliandika ushahidi wake wa duaradufu, kisha akasubiri miezi kadhaa kusikia mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, amesemaje.

Cheti kile kiligawa masomo katika makundi mawili, makubwa na madogo, na maneno yake hayajatoka midomoni mwetu. Mzazi wa Kitanzania anapouliza, "Kapata prinsipo ngapi?" anatamka neno lililofika na HSC. Somo la BAM, ile hisabati nyepesi ya wanaosoma Baiolojia au Uchumi bila Hisabati ya Juu, mpaka sasa huitwa sabsidiari.

Vitabu navyo vilitoka kulekule. C. J. Tranter alitoa kitabu chake cha hisabati ya ngazi hii mwaka 1953. Backhouse na Houldsworth wakatoa chao mwaka 1957. Majina haya kwa wanafunzi wa vizazi kadhaa si ya watu tena, ni ya vitu: "Nipe Backhouse", "Tranter yuko kwa nani?" Nakala moja ilizungushwa bweni zima, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia, na pembeni mwa kurasa kuna njia za kukokotoa zilizoandikwa kwa penseli na watu walioondoka zamani. Nilijifunza mengi kwenye pembe hizo kuliko kwenye maandishi ya katikati.

Lakini kitabu ambacho hakuna aliyeingia chumba cha mtihani bila kuwa nacho kilikuwa chembamba, na hakikuwa na sentensi. Kilikuwa kitabu cha majedwali ya tarakimu nne. Kijana wa leo mwenye kikokotoo mfukoni anastahili kuelezwa kazi ya majedwali hayo. Tuseme unataka kuzidisha 37.46 kwa 8.215. Huzidishi. Unatafuta logi ya namba ya kwanza: mstari wa 37, safu ya 4, kisha unaongeza nyongeza ndogo ya 6 kutoka safu za kulia, unapata 1.5736. Logi ya namba ya pili ni 0.9146. Unajumlisha, unapata 2.4882. Unafungua upande wa pili wa majedwali, unaigeuza logi kuwa namba, na jibu ni 307.7. Kuzidisha kumegeuka kujumlisha. Kipeuo cha tatu, kilichoonekana mlima, kimegeuka kugawa kwa tatu.

Namba ikiwa ndogo kuliko moja, logi yake ilivaa kistari kichwani, nacho kilisababisha makosa mengi kuliko jambo lolote jingine katika somo. Wazee waliopita hapo hukikumbuka kama mtu anavyokumbuka kona mbaya ya barabara. Majedwali yalidai utaratibu: jicho likiteleza mstari mmoja, swali zima limekufa. Ndiyo maana maandalizi ya wakati ule yalikuwa pia mazoezi ya mkono na jicho, na mwanafunzi alipanga kazi yake katika safu zilizonyooka kama mahindi ya shamba la mfano. Naamini tulipoteza kitu majedwali yalipoondoka, ingawa sitamani mwanangu ayarudie.

Tabaka linalofuata lilitoka Entebbe, Uganda. Sovieti walikuwa wamerusha setilaiti yao, Sputnik, mwaka 1957, Marekani ikashtuka, na wataalamu wake wakaanza kuuandika upya mtaala wa hisabati wa shule. Mwaka 1961 mkutano ulifanyika Massachusetts kuzungumzia elimu ya Afrika, na kuanzia 1962 wanahisabati na walimu kutoka nchi kadhaa za Afrika, Marekani na Uingereza wakawa wanakutana Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, wakiongozwa na Ted Martin wa chuo cha MIT. Kazi yao ilikuwa kuandika vitabu. Waliandika vingi, kuanzia vya watoto wa darasa la kwanza hadi vya sekondari, na mradi huo ukafahamika kama Hisabati ya Entebbe. Uingereza nayo ilikuwa na mradi wake, ulioanzishwa Southampton mwaka 1961, na mtoto wake wa huku kwetu akaitwa School Mathematics of East Africa.

Hisabati hiyo mpya iliingia na seti, mantiki, besi za namba na matriksi. Mwalimu aliyefundisha jometri ya Euklidi miaka kumi alitakiwa sasa aeleze kwamba kundi la ng'ombe na kundi la mbuzi yana makutano matupu. Wengi waliipenda, na wengi zaidi hawakupewa mafunzo ya kutosha wakabaki kuisoma usiku kabla ya kuifundisha asubuhi. Wazazi walilalamika kwamba mtoto anajua muungano wa seti na hajui kutoa chenji dukani. Kenya iliiondoa hisabati hiyo mwaka 1981 kwa agizo la Rais Moi. Tanzania nayo iliachana nayo. Hata hivyo swali la seti na swali la mantiki yamekuwemo katika maswali yetu kumi na manane, na kila nikiyaona navuta picha ya watu wale kando ya ziwa, wakibishana namna ya kumweleza mtoto wa Kiafrika kitu kisicho na mwanachama hata mmoja.

Wakati huohuo wenye mtihani walikuwa wakibadilika. Mwaka 1967 Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa ili hatua kwa hatua lichukue kazi ya Cambridge. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Kenya na Uganda ziliendelea pamoja hadi mwaka 1980, nazo zikaachana. Kenya ikaenda mbali zaidi: mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985, kidato cha sita kilianza kuhesabiwa siku, na mtihani wake wa mwisho ukafanyika mwaka 1989. Kwa hiyo ndugu wawili, mmoja wa Taveta upande wa Kenya na mwingine wa Holili upande wa Tanzania, wenye lugha moja ya nyumbani, walianza kuishi katika nchi mbili za hisabati: mmoja akimaliza sekondari kidato cha nne, mwenzake akiendelea miaka miwili na namba changamano.

Kwa Watanzania wa kipindi hicho, jambo lililogusa maandalizi yao kuliko mabadiliko ya baraza lilikuwa Azimio la Musoma la Novemba 1974. Liliamua kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Atakwenda kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, na apate pendekezo la kazini na la chama tawala. Nia yake naielewa na naiheshimu: msomi awajue watu anaokula jasho lao. Wasichana walianza kuruhusiwa kupita moja kwa moja mwaka 1976, kwa sababu idadi yao chuoni ilikuwa imeporomoka. Ila hisabati haisubiri mtu. Aliyeiacha kalkulasi ikiwa moto na kuirudia miaka mitatu baadaye aliikuta imepoa, na wahandisi wa rika lile wamenisimulia jinsi walivyobeba madaftari ya kidato cha sita hadi kambini, wakiyafungua baada ya chakula cha jioni ili vidole visisahau.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo halimo katika pepa lolote, nami naona ndilo lililowavusha wengi. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule nyingi za msingi za serikali. Mtoto anajifunza kipeuo cha pili, nusukipenyo, kigawe kidogo cha shirika (KDS) na kigawo kikubwa cha shirika (KKS). Akiingia kidato cha kwanza vyote hivyo vinabadilishwa majina siku moja. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikukubali. Mtihani wa Hisabati ya Juu ukabaki Kiingereza.

Maandalizi yake, hata hivyo, hayakuwahi kuwa Kiingereza. Nenda bweni lolote saa nne usiku, mwezi Machi. Zamani ilikuwa chemli, leo ni taa ya simu au sola. Watu wanne wamezunguka ubao uliochakaa, mmoja ameshika chaki. "Sasa hii iks ikielekea sifuri, juu kunabaki nini?" Kimya. "Hakibaki kitu." "Na chini?" "Chini nako hakibaki kitu." "Ee, basi ndipo penye kazi." Wazo zima la kikomo, lililowasumbua wanahisabati wa Ulaya miaka mingi, limeelezwa hapo kwa maneno ya jikoni. Kisha mwenye chaki anageuka na kuliandika kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo litakavyosahihishwa. Kwa zaidi ya nusu karne wanafunzi wetu wamekuwa wakalimani wa hisabati bila kulipwa wala kutajwa, na lugha waliyoijenga usiku hakuna kamusi iliyoikusanya.

Matabaka ya juu ni mapya. Swali la mkulima mwenye ekari chache anayetaka kujua apande mahindi kiasi gani na maharage kiasi gani ili apate faida kubwa linatokana na hesabu za mipango. Mwanahisabati George Dantzig alizipa njia ya kuaminika mwaka 1947, akifanya kazi na jeshi la anga la Marekani. Shamba ni letu, njia ni ya kugawa vifaa vya vita. Katika muundo ule nilioutaja mwanzoni, swali la kwanza kabisa la pepa la kwanza lilikuwa la kikokotoo, na wanafunzi wengi walilihesabu kama maksi za bure. Mimi naliona kama kaburi la yale majedwali ya tarakimu nne, limewekwa mlangoni ili kila apitaye alisalimie.

Mwaka 2020 Mei ilipita bila mtihani. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, kidato cha sita wakaitwa warudi tarehe 1 Juni, na mtihani ukaanza tarehe 29 mwezi huo. Miezi miwili na zaidi watahiniwa walikuwa nyumbani, wengine wakiuza duka la shangazi, wengine wakipiga picha maswali na kuyatuma kwa simu. Walipokutana tena walikuwa na wiki nne tu za kurudisha kila kitu.

Enzi zetu hapakuwa na kutumiana picha; katika bweni letu hazina kubwa ilikuwa bahasha ya mapepa ya zamani. Yalikuwa nakala ya nakala ya nakala, yameachwa na waliotutangulia nasi tukaja kuwaachia wengine. Katika pepa moja la miaka ya nyuma, swali la kalkulasi lilikuwa na namba iliyofifia hata haijulikani ni 3 au 8. Tulibishana hadi kengele ya kulala ikapigwa. Kisha tukagawana: wawili walikokotoa kwa 3, wawili kwa 8, chini ya blanketi, tochi mdomoni. Kwa 3 jibu lilitoka sehemu mbaya yenye kipeuo ndani yake. Kwa 8 lilitoka namba nzima. Asubuhi, mmoja wetu alichukua kalamu ya wino mweusi akaikoleza ile 8, akairudisha karatasi ndani ya bahasha.