Shahada ya kwanza ya sosholojia nchini Tanzania

Shahada ya kwanza ya sosholojia (sosholojia huitwa pia elimujamii) ni masomo ya chuo kikuu ya miaka mitatu ambamo mwanafunzi hujifunza jinsi jamii ya watu inavyoundwa, inavyojiendesha na inavyobadilika. Nchini Tanzania hutolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kilichopo Mwanza na vyuo vingine kadhaa.

Somo hili halifundishwi katika shule za sekondari za Tanzania. Kwa sababu hiyo karibu kila anayelichagua hulichagua bila kuwahi kulisoma, na wengi hulichanganya na ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii. Hizo ni fani za kazi. Ofisa ustawi wa jamii hufundishwa namna ya kumhudumia mtoto aliyetelekezwa. Ofisa maendeleo ya jamii hufundishwa kuhamasisha vikundi na kusimamia miradi. Mwanasosholojia huanza kwa kuuliza kwa nini watoto hutelekezwa zaidi mahali fulani kuliko pengine. Mwenye nia ya kuhudumia watu moja kwa moja ni heri aombe Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, au Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, mkoani Arusha, kuliko kugundua tofauti hiyo akiwa mwaka wa tatu.

Historia

Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na kitivo cha sheria pekee, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii kikafuata mwaka 1964. Tangu 1970 ni chuo kikuu kinachojitegemea.

Wakati wa ukoloni kulikuwa na mgawanyo usioandikwa: jamii za Ulaya zilichunguzwa na sosholojia, za Afrika na anthropolojia, kana kwamba Waafrika wana mila tu na hawana viwanda, miji wala matabaka. Miongoni mwa walioupinga mgawanyo huo ni Archie Mafeje wa Afrika Kusini. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimteua kuwa mhadhiri, kisha kikaubatilisha uteuzi huo kwa shinikizo la serikali ya ubaguzi wa rangi, na wanafunzi wakakalia jengo la utawala siku kadhaa kwa kupinga. Muda mfupi baadaye Mafeje aliongoza idara ya sosholojia Dar es Salaam. Makala yake ya mwaka 1971 ilidai kwamba neno "kabila", kama lilivyotumiwa na wakoloni na wataalamu wao, huficha tofauti za kitabaka ndani ya jamii moja. Leo idara hiyo inaitwa Idara ya Sosholojia na Anthropolojia. Majina hayo mawili yamekubali kukaa chumba kimoja.

Masomo yenyewe

Majina ya kozi hutofautiana kati ya chuo na chuo, lakini mwanafunzi hakwepi nadharia: Auguste Comte, Karl Marx, Émile Durkheim, Max Weber. Inafaa asome pia habari za Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kuandika juu ya mshikamano wa jamii karne nyingi kabla ya Comte. Baadaye huja familia na ndoa, jinsia, afya, uhalifu, maisha ya vijijini na mijini. Pale Dar es Salaam taaluma za maendeleo ni lazima kwa wanafunzi wa fani zote.

Wazo la kushika mapema ni lile la Mmarekani C. Wright Mills, aliyetofautisha mwaka 1959 kati ya shida ya mtu na suala la jamii. Msichana mmoja akiacha shule kwa sababu ya ujauzito, majirani wataeleza tabia yake au malezi ya wazazi wake. Wasichana wakiacha kwa maelfu, hapana budi kutazama umbali wa shule, mabweni, umaskini, na pia kanuni zenyewe: hadi Novemba 2021 aliyejifungua hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali. Tabia za wasichana hazikubadilika siku ile. Kilichobadilika ni utaratibu.

Utafiti na lugha

Sehemu ngumu kuliko zote, na kwa maoni ya wengi yenye faida kuliko zote, ni utafiti. Mwanafunzi hujifunza kuchagua sampuli, kuandika dodoso, kufanya usaili na kuchambua takwimu. Akitoka nje ya chuo anahitaji barua ya utambulisho, ambayo hupita kwa katibu tawala wa mkoa na wa wilaya hadi kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Asiyeanza mapema hujikuta muda wa kukusanya data umekwisha angali anasubiri mhuri.

Kisha kuna lugha. Masomo ni kwa Kiingereza, ilhali mahojiano ni kwa Kiswahili au lugha ya mahali. Swali "una watoto wangapi?" linaonekana rahisi, lakini mama mmoja atahesabu aliowazaa tu, mwingine ataongeza wa marehemu dada yake, na wa tatu ataacha kumtaja aliyefariki. "Kaya" nayo ina matata: mume mwenye wake wawili katika nyumba mbili ana kaya moja au mbili? "Tabaka" hutumika kwa mambo ambayo nadharia huyatenganisha. Dodoso lililotafsiriwa usiku mmoja kabla ya safari huleta majibu safi yasiyo na maana. Njia inayosaidia ni kulijaribu kwanza kwa watu wachache, kuwauliza wameelewa nini, na kulirekebisha.

Gharama na ajira

Wengi husoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Fani kama tiba, uhandisi na ualimu wa sayansi zimewekwa mbele katika miongozo yake, na sosholojia huja nyuma. Tangu 2016 mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Kwa hiyo wazazi wanaouliza "utafanya kazi gani?" hawakosei kuuliza.

Nafasi zenye jina la "mwanasosholojia" ni chache. Wahitimu huonekana katika halmashauri, ambako matangazo ya kazi za ofisa maendeleo ya jamii mara nyingi huipokea shahada hii; katika mashirika yasiyo ya kiserikali; katika usimamizi wa rasilimali watu; na katika miradi ya migodi na barabara inayohitaji tathmini ya athari kwa jamii na fidia kwa wanaohamishwa. Waliolichukulia kwa uzito somo la takwimu hupata pia kazi za muda za ukusanyaji na uchambuzi wa data. Ualimu wa sekondari ni mlango mwembamba, kwa kuwa shahada hii peke yake haimpi mhitimu somo la kufundisha darasani.