Ukurasa Uliochanwa: Kura za Vyama vya Midahalo na Kumbukumbu Zake

Muhula uliopita nilikuwa katibu wa chama cha midahalo katika chuo kimoja hapa Kampala. Kazi hiyo haina fahari yoyote. Unawahi kumwomba askari ufunguo wa ukumbi, unapanga viti, unaandika hoja ubaoni, na mjadala ukiisha unahesabu mikono iliyoinuliwa na kuandika matokeo katika daftari gumu ambalo makatibu wamerithishana tangu sisi tukiwa shule ya msingi.

Jioni moja tulijadili kama nyongeza ya ada ya mabweni ilikuwa ya haki. Waliosema si ya haki walishinda kwa kura 41 dhidi ya 17. Siku mbili baadaye mlezi wa chama aliniita ofisini. Hakugomba. Alinipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Binti yangu, ule ukurasa uandike upya. Sema mlijadili, inatosha. Matokeo yaache." Nikamjibu, "Sawa, Mwalimu." Usiku ule nilikata ukurasa kwa wembe, nikaandika mwingine usio na namba. Ule wa kwanza sikuutupa. Niliuweka ndani ya kamusi.

Nilipotakiwa kuchagua mada ya insha ya historia, ukurasa huo ndio ulionichagulia. Nilitaka kujua kama makatibu wengine waliwahi kuombwa jambo kama hili, na vyama vyao vilifanya nini.

Chama cha midahalo cha wanafunzi wa Cambridge nchini Uingereza kilianzishwa mwaka 1815. Kilidumu miaka miwili hivi kabla ya kugongana na wakubwa. Machi 1817 makamu mkuu wa chuo aliwatuma maofisa wa nidhamu wakivunje kikao. Mwenyekiti siku hiyo alikuwa William Whewell, ambaye baadaye alikuwa mwanasayansi na mwanafalsafa mashuhuri. Aliwaomba maofisa wale watoke nje kwanza, kwa kuwa wao si wanachama, ili kikao kiujadili ujumbe wao kwa utaratibu. Nilicheka niliposoma hapo, lakini naliona jambo hilo kuwa zito. Whewell hakukataa amri. Alidai tu kwamba hata amri ya kukifunga chama ipite katika kanuni za chama. Kilifungwa hata hivyo, na kiliporuhusiwa tena mwaka 1821 kilipewa sharti: kisijadili siasa za miaka 20 iliyopita. Yaani wanachama walibaki na haki ya kupiga kura juu ya mada, ila orodha ya mada ilikwisha kuchujwa na mtu mwingine. Sidhani sharti hilo liliwasumbua sana. Mwanafunzi yeyote anajua kumjadili mfalme aliyekufa huku akimlenga aliye hai.

Chama cha Oxford kilianza mwaka 1823, na huko ndiko nilikopata nilichokitafuta. Utaratibu wake wa kura ni wa namna mbili, na tofauti yake ina maana. Hoja ya mdahalo hupigiwa kura kwa miguu, kama katika Bunge la Uingereza: mjadala ukiisha wanachama hutoka ukumbini kupitia mlango wa wanaokubali au mlango wa wanaokataa, na wahesabuji huwahesabu wanapopita. Kila mtu anakuona unakopitia. Viongozi, yaani mwenyekiti, mkutubi, mweka hazina na katibu, huchaguliwa kwa karatasi za siri, tena kila muhula, kwa hiyo mwenyekiti anaongoza wiki chache tu. Kwa muda mrefu kanuni zilikataza kabisa kuomba kura; mgombea alitakiwa ajulikane kwa hotuba zake ukumbini. Kama watu waliitii kanuni hiyo ni jambo jingine, nami niliyewahi kuona pipi na soda vikigawiwa siku ya uchaguzi wetu sitawahukumu.

Tarehe 9 Februari 1933 hoja iliyoletwa Oxford ilisema kwamba chama hakitapigana kwa ajili ya Mfalme na nchi yake kwa hali yoyote ile. Hitler alikuwa ameshika madaraka ya ukansela siku 10 tu kabla yake. Aliyeiunga mkono kwa nguvu zaidi alikuwa mgeni, mwanafalsafa C. E. M. Joad, aliyeipinga alikuwa Quintin Hogg, ambaye baadaye alikuwa waziri. Kura 275 zilikubali, 153 zilikataa.

Kwa saa chache hayo yalikuwa matokeo ya klabu ya wanafunzi. Kisha magazeti yakayapata. Winston Churchill aliyalaani hadharani. Kifurushi cha manyoya meupe 275, alama ya uoga kwa Waingereza, kilitumwa kwenye chama, unyoya mmoja kwa kila aliyesema ndiyo. Siku chache baadaye kundi la wanafunzi waliokasirika lilivamia kikao likachana kumbukumbu za kura ile kutoka katika daftari. Wao hawakutumia wembe, lakini nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikatoka kwenda kunywa chai.

Kuchana hakukutosha. Randolph Churchill, mwana wa Winston, aliyewahi kusoma Oxford, alileta hoja rasmi kwamba matokeo yale yafutwe katika kumbukumbu za chama. Ilijadiliwa Machi 2, ukumbi ukiwa umefurika na kelele tupu. Matokeo: waliotaka yafutwe 138, waliokataa 750. Randolph ilibidi asindikizwe hadi hotelini kwake.

Vitabu vingi hutaja kura ya Februari na kupita haraka ile ya Machi. Mimi naona ya Machi ndiyo kubwa. Usiku wa kwanza jumla ya waliopiga kura ilikuwa 428. Usiku wa pili ilikuwa 888. Waliokataa kufuta walizidi walioikubali hoja ya awali kwa watu 475. Siamini kwamba wote hao walikuwa wamegeuka wapenda amani katika wiki tatu. Wengi wao lazima walikuwa watu ambao wangepigana kama wangeitwa, na vita vilipoanza mwaka 1939 vijana wa Oxford walijiandikisha kwa wingi. Walichokilinda mwezi Machi hakikuwa hoja. Kilikuwa daftari. Unaweza kuichukia kura na bado ukakataa isemwe kwamba haikupigwa.

Wapo waliodai miaka mingi baadaye kwamba kura ile ilimpa Hitler moyo. Ushahidi wake nauona mwembamba, na hautoshi kuwalaumu vijana 275 kwa vita vya dunia nzima.

Marekani ilipita njia nyingine. Huko vyuo vinavyoshindana katika midahalo hujadili mada moja ya kitaifa mwaka mzima. Kwa msimu wa 1954 hadi 1955 mada ilikuwa kama Marekani iitambue serikali ya kikomunisti ya China. Chuo cha kijeshi cha West Point na kile cha wanamaji cha Annapolis viliwakataza wanafunzi wao kuijadili. Mada haikuondolewa, wengine waliendelea nayo. Siku hizi mada ya namna hiyo hupatikana kwa hatua: watu huandika mapendekezo marefu, kamati huyatengeneza kuwa sentensi, kisha vyuo wanachama hupiga kura kwa kuzipanga mada kuanzia wanayoipenda zaidi. Ni kazi ya kuchosha, lakini mtu mmoja ofisini hawezi kuifuta mada hiyo kwa kikombe cha chai.

Nisiwasifu mno wa Oxford. Chama hicho hicho kilichoilinda kura yake kwa watu 750 kilikuwa hakimkubali mwanamke kuwa mwanachama, na hakikumkubali hadi mwaka 1963. Mimi nisingeweza kupita mlango wowote kati ya ile miwili. Waliobadili kanuni hiyo walikuwa wanaume, kwa sababu wao pekee ndio walikuwa na kura; aliyefungiwa nje hahesabiwi katika uamuzi wa kumfungulia. Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo: mwaka 1967 Ann Mallalieu alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha Cambridge, na mwaka 1977 Benazir Bhutto wa Pakistani aliongoza kile cha Oxford.

Nirudi Kampala. Katika mkutano mkuu wa mwisho wa muhula nilisimama nikaeleza nilichokifanya kwa wembe, bila kumtaja aliyeniomba, ingawa kila mtu alijua. Kisha nikatoa hoja kwamba kanuni zetu ziongezewe kifungu: kumbukumbu za kikao zisibadilishwe ila kwa kura ya kikao kinachofuata. Kanuni zetu zinataka theluthi mbili ya waliohudhuria. Tulikuwa 54, kwa hiyo zilihitajika kura 36.

Tunapiga kura kwa kuinua mikono. Mwalimu alikuwa ameketi mstari wa mbele, amegeuza kiti chake kidogo kuelekea kwetu. Niliona mikono miwili au mitatu ikipanda hadi usawa wa bega kisha ikashuka. Sikuomba kura ya siri kwa sababu hakuna kifungu kinachoiruhusu isipokuwa katika kuchagua viongozi, na mimi niliyetoka kuungama kuvunja utaratibu sikuona namna ya kuanza kuuvunja tena.

Waliokubali walikuwa 33. Hoja ilianguka. Nimeyaandika hayo katika daftari pamoja na namba zote, na ule ukurasa wa zamani nimeubandika kwa gundi mahali pake, mbele ya ule nilioandika upya. Katibu mpya alipopokea daftari aliniuliza kama aache zote mbili. Nikamwambia alete hoja.