Haraka na Kungoja Katika Tiba ya UKIMWI

Katika Kiswahili ziko methali mbili zisizopatana. Moja husema haraka haraka haina baraka. Ya pili hujibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika historia ya tiba ya UKIMWI, mawazo haya mawili yalishindana kwa muda wa karibu miaka 30, na gharama ya mashindano hayo ilikuwa maisha ya watu.

Asili ya mashindano ni tabia ya maradhi yenyewe. Virusi vikiingia mwilini, mtu aghalabu hushikwa na homa ya siku chache, kisha huinuka akaendelea na shughuli zake miaka mingi bila ya maumivu. Je, atibiwe wakati huo, au asubiri mpaka augue?

Dawa ya kwanza, AZT, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Wengi walitumaini kuwa kuitumia mapema kungeokoa maisha. Lakini mwaka 1993 utafiti ulioitwa Concorde, wa watu 1,749 katika Uingereza, Ireland na Ufaransa, ulionyesha kuwa walioanza mapema hawakuishi zaidi ya waliongoja. Dawa moja peke yake ilikuwa ngao dhaifu, virusi viliizoea.

Mwaka 1995 David Ho na wenzake walibainisha kuwa kimya cha miaka ile hakikuwa amani, kwani virusi vilizaliana kwa mabilioni kila siku. Ho akashauri vipigwe mapema na kwa nguvu. Mwaka uliofuata, mchanganyiko wa dawa tatu ulidhihirika kuwa unavizuia. Walakini dawa zile zilikuwa na madhara makali, na bei yake iliwashinda wengi wa Afrika. Kungoja kukarudi: mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtu asiye na dalili aanze dawa chembe zake za CD4, askari wa mwili, zikipungua chini ya 200.

Mwaka 2006 utafiti wa SMART ulisimamishwa, kwa kuwa waliokatiza dawa waliugua na kufa zaidi ya walioendelea. Kisha mwaka 2015 ukaja utafiti wa START, wa watu 4,685 katika nchi 35, Uganda ikiwamo. Walioanza mara moja walipunguza hatari ya maradhi makubwa au kifo kwa asilimia 57. Mwaka huo huo Shirika likatangaza kuwa kila mwenye virusi atibiwe, bila ya kungoja hesabu ya chembe.

Hivyo kila methali ilikuwa na zamu yake. Haraka ya kwanza ilikosa baraka kwa kuwa silaha ilikuwa dhaifu. Kungoja kukawa madhara silaha zilipokwisha kuwa imara. Waliolipa deni la elimu hii ni wagonjwa walioambiwa wasubiri, wakasubiri.